Fleti iliyokamilika, fleti ya mchoro, nyumba ya serikali au ploti: sheria inakulinda wapi zaidi Nairobi?

Mtu anayetafuta nyumba Nairobi huuliza kwanza bei, barabara na maji. Hayo ni ya maana. Lakini kuna swali ambalo mauzo mengi hupita bila kuulizwa: siku muuzaji akikataa kutimiza alichoahidi, mkononi nitakuwa na karatasi gani, na sheria ya Kenya inaitambua karatasi hiyo kuwa nini? Kwa swali hilo ninalinganisha hapa njia nne wanazopitia watu wa kipato cha kati jijini: fleti iliyokwisha kujengwa, fleti inayouzwa ingali mchoro, nyumba ya bei nafuu ya serikali, na ploti unayonunua ujenge mwenyewe.

Nitaweka msimamo wangu wazi mapema. Kwa mtu asiye na akiba ya kupoteza, fleti iliyokamilika na yenye hati yake yenyewe ndiyo yenye kinga kubwa kuliko zote. Nyumba ya serikali inafuata, kwa anayetaka kuishi na hana mpango wa kuuza. Kisha ploti yenye hati miliki iliyochunguzwa hadi mwanzo wake. Fleti ya mchoro naiweka mwisho, hata kama ndiyo yenye bei ya kuvutia zaidi, na sababu zake nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa ndipo familia nyingi zinapoteza pesa.

Fleti iliyokamilika

Kwa miaka mingi mnunuzi wa fleti Nairobi hakupata hati ya nyumba yake. Ardhi yote ilikuwa na hati moja mama, kwa jina la kampuni iliyojenga. Mnunuzi alipewa lisi ndefu, yaani haki ya kukaa kwa miaka fulani tu, iliyochomolewa kutoka kwa hati hiyo, pamoja na hisa moja katika kampuni ya kusimamia jengo. Kwenye mkataba iliandikwa kwamba nyumba zote zikiisha kuuzwa, mjenzi ataihamishia kampuni hiyo ya wakazi hati mama. Wengi walingoja uhamisho huo miaka na miaka, na huku nyuma mjenzi akiendelea kuwa ndiye mwenye ardhi kwenye rejista, mwenye usemi juu ya paa, maegesho na nafasi iliyobaki uani.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika mwisho wa Desemba mwaka huo, ilibadilisha mambo. Sasa kila fleti inaweza kusajiliwa peke yake na kupata hati yake, ikiwa na sehemu yake ya umiliki katika mali ya pamoja: ngazi, lifti, tanki la maji, paa, lango na njia ya magari. Mchoro wa sehemu hizo ukisajiliwa, shirika la wamiliki linazaliwa kwa nguvu ya sheria yenyewe, na kila mwenye nyumba ni mwanachama. Ardhi ikiwa ya lisi, lazima muda uliobaki usipungue miaka 21. Sheria pia iliagiza majengo ya mfumo wa zamani yabadilishwe ndani ya miaka miwili, na kanuni zilizofuata mwaka 2021 zikafungua mlango kwa wakazi wenyewe kuanzisha ubadilishaji pale mjenzi anapokaa kimya.

Miaka miwili hiyo ilipita, na bado jijini kuna fleti nyingi zinazouzwa kwa mfumo wa kale. Kwa hiyo ukionyeshwa fleti nzuri Kilimani, South B au Kasarani, swali la kwanza liwe: hati ni ya nyumba hii, au ni lisi iliyotoka kwa hati mama? Ikiwa ni lisi, usiikimbie moja kwa moja. Uliza hati mama iko kwa jina la nani leo, ina mkopo wa benki juu yake au haina, na ubadilishaji umefika wapi. Majibu yawe kwa maandishi.

Hapa ndipo uchunguzi rasmi wa rejista, ile ambayo kila mtu anaiita sachi, unapofanya kazi yake. Nairobi unafanyika kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Ardhi uliozinduliwa Aprili 2021. Rejista ya ardhi ina sehemu tatu, na kila moja isomwe kwa utulivu. Ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe: namba, ukubwa, na kama ni umiliki wa kudumu au ni lisi. Ikiwa ni lisi, chukua kalamu upige hesabu. Lisi ya miaka 99 iliyoanza 1970 inaisha 2069, na benki itakayokupa mkopo wa miaka 20 itaitazama miaka hiyo iliyobaki kabla ya kuutazama mshahara wako. Sehemu ya pili inataja mwenyewe: jina lake, namba ya kitambulisho, siku aliyosajiliwa. Jina hilo lilingane herufi kwa herufi na la anayekuuzia. Sehemu ya tatu ndiyo ya mizigo, na ndiyo wanunuzi wengi huipitisha jicho haraka. Humo ndimo utakuta rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu mwingine anayedai haki, au amri ya mahakama. Sehemu hiyo ikiwa tupu, hatua inayofuata ni mkataba. Ikiwa na maandishi, hakuna shilingi inayotoka mpaka wakili wako aseme maandishi hayo yataondolewaje na lini.

Mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Sheria ya Mikataba inasema hivyo waziwazi kuhusu ardhi. Makubaliano ya mdomo, hata mbele ya wazee, hayatakusaidia mahakamani. Desturi ya mawakili ni amana ya asilimia 10, ikiwekwa kwa wakili wa muuzaji ambaye haruhusiwi kuigusa mpaka mauzo yakamilike, na siku 90 za kukamilisha. Kwa fleti ya shilingi milioni 6, amana hiyo ni 600,000. Mnunuzi hulipa pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, yaani 240,000 hapo, juu ya ada ya wakili. Tayarisha pesa hizo tangu mwanzo. Nimeona wanunuzi wakikwama mwishoni kwa sababu walihesabu bei peke yake.

Kuna ombi moja ambalo muuzaji anaweza kukuletea na ambalo ni hatari: muandike bei ndogo kwenye mkataba, nyingine umpe pembeni. Yeye anajaribu kupunguza kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Wewe huna unachopata, kwa sababu ushuru wa stempu unahesabiwa kwa thamani atakayoitoa mthamini wa serikali. Na mauzo yakivunjika, utakazodai kurudishiwa ni zile zilizoandikwa. Kataa kwa upole, lakini kataa.

Fleti ya mchoro

Katika njia hii unaonyeshwa picha za kompyuta, nyumba ya mfano, na bei iliyo chini kuliko ya fleti zilizokamilika jirani. Unalipa kwa awamu, jengo linapanda, na ikiwezekana unahamia baada ya miaka miwili au mitatu. Wapo waliofanikiwa hivi na wanaishi vizuri. Tofauti yake na njia ya kwanza ni kubwa, hata hivyo: pale ulikuwa unanunua kitu kilichosajiliwa, hapa unanunua ahadi.

Kenya haina sheria mahususi inayomlazimisha mjenzi binafsi kuweka pesa za wanunuzi kwenye akaunti ya pekee isiyoguswa ila kwa ajili ya jengo hilo. India ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2016: kila mradi mkubwa unasajiliwa, na asilimia 70 ya pesa za wanunuzi inakaa kwenye akaunti yake, ikitolewa kulingana na hatua ya ujenzi iliyothibitishwa na wataalamu. Hapa kwetu, isipokuwa mkataba wako useme vinginevyo, amana uliyolipa kwa jengo la Ruaka inaweza kumalizia jengo la Syokimau. Naamini Bunge limechelewa mno katika jambo hili, na kila mwaka wa kuchelewa una familia zilizoachwa na risiti.

Fikiria mambo yanavyokuwa mjenzi akifilisika. Benki iliyomkopesha ina rehani iliyosajiliwa juu ya hati mama, kwa hiyo inatangulia. Mnunuzi aliyelipa milioni 3 na hajasajiliwa popote anapanga foleni pamoja na wadai wengine wasio na dhamana: wauza saruji, wauza vyuma, mafundi. Haki ya kudai anayo, lakini inaweza kuwa ni kudai mfuko mtupu.

Je, njia hii haifai kabisa? Inaweza kufaa kwa mtu mwenye wakili wake mwenyewe. Nasisitiza wakili wako, kwa sababu mara nyingi kampuni hukuambia wakili wao atashughulikia pande zote na utaokoa ada. Wakili huyo analipwa na kampuni. Muulize wako mambo haya kwenye mkataba.

Awamu za malipo zimefungwa kwenye nini? Mikataba mingi huzifunga kwenye tarehe: robo leo, robo baada ya miezi sita, na kuendelea. Hata jengo likisimama kwenye msingi, wewe unadaiwa. Mkataba bora unazifunga kwenye hatua za ujenzi, kila hatua ikithibitishwa kwa barua ya msanifu majengo: msingi, slebu ya ghorofa fulani, paa, umaliziaji.

Kipengele cha tarehe ya kukamilika kinasemaje? Utakuta tarehe imetajwa kwa herufi nzito, kisha chini yake kifungu kinachompa mjenzi nyongeza ya muda kwa sababu zozote zilizo nje ya uwezo wake, bila kikomo. Dai kikomo: baada ya miezi fulani ya nyongeza, una haki ya kujitoa na kurudishiwa pesa zote pamoja na riba, na iandikwe ni ndani ya siku ngapi. Kisha soma upande wa pili: ukijitoa wewe au ukichelewa kulipa, wanakata asilimia ngapi? Mikataba mingi ni mikali upande wa mnunuzi na milegevu upande wa mjenzi. Tofauti hiyo ijadiliwe kabla ya sahihi. Baada yake hakuna atakayekusikiliza.

Tatu, benki. Kama hati mama ina rehani, taka barua ya benki inayosema kwamba ukimaliza kulipa, fleti yako itaachiliwa kutoka kwa deni hilo. Bila barua hiyo unaweza kumaliza kulipa na bado nyumba yako ikapigwa mnada kwa deni la mtu mwingine.

Nne, zuio. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mtu mwenye haki inayotokana na mkataba kuomba zuio liandikwe kwenye rejista, ili ardhi isihamishwe bila yeye kujulishwa. Kampuni nyingi huweka kifungu kinachomkataza mnunuzi kufanya hivyo. Ukikikuta, jua umeombwa kuiacha silaha pekee ambayo sheria imekupa kabla ya hati.

Mwisho, vibali. Kwenye eneo la ujenzi huwa kuna bango linalotaja mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi na namba za idhini. Lipige picha, kisha zifuatilie namba hizo: idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na usajili wa mradi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kujenga bila idhini ya kaunti ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo, na jengo linaweza kuamriwa kubomolewa. Na hili halihusu makaratasi tu. Aprili 2016 jengo la ghorofa lililosimama karibu na mto mtaani Huruma liliporomoka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 40. Walikuwa wapangaji, hawakujua lolote kuhusu vibali. Ukiona bango halipo, au lina majina bila namba, hapo umeshapata jibu lako.

Nyumba ya bei nafuu ya serikali

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilianza kutumika Machi 2024, baada ya Mahakama Kuu mwaka uliotangulia kuitangaza tozo ya kwanza ya nyumba, iliyokatwa kwenye mishahara, kuwa kinyume cha Katiba. Tozo ilirudi kwa sura mpya: asilimia 1.5 ya mshahara wa jumla kutoka kwa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mwalimu wa Umoja anayepata 62,000 anakatwa 930 kila mwezi, na mwajiri wake anatoa 930. Sheria ilipingwa tena, na Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaiacha isimame.

Jambo moja lieleweke vizuri, kwa sababu linaleta uchungu mwingi kazini: tozo hiyo si akiba yako. Haikupi nyumba, haikupi nafasi mbele ya foleni, na hairudishwi. Anayetaka nyumba lazima ajisajili Boma Yangu, mfumo wa mtandaoni wa serikali wa kuombea nyumba hizi, aweke akiba yake ya kando, na aombe. Aliyekatwa tozo miaka mitatu bila kujisajili hana ombi lolote kwenye mfumo.

Sheria imegawa nyumba hizi kwa kipato. Wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wana nyumba za kijamii. Kati ya 20,000 na 149,000 ni nyumba za bei nafuu zenyewe. Zaidi ya hapo kuna nyumba za tabaka la kati. Unatanguliza amana, na salio linalipwa pole pole kwa riba iliyo chini kuliko ya benki za kawaida. Nchi hii ina mikopo ya nyumba ya benki kama 30,000 tu, na kwa watu mamilioni waliobaki nje, hii ni njia ya kisheria ya kumiliki nyumba mjini bila kuwa na hati ya kuweka rehani. Pangani, Park Road ya Ngara na Mukuru, watu wamehamia. Hilo ni jema na lisemwe.

Ukilinganisha na fleti ya mchoro ya mjenzi binafsi, hatari ya mwenye mradi kufilisika ni ndogo, na mnunuzi wa nyumba ya kwanza chini ya mpango huu amesamehewa ushuru wa stempu. Lakini unatoa kitu pia. Huchagui mtaa wala ghorofa kwa uhuru. Na huwezi kuiuza nyumba hiyo bila idhini ya maandishi ya Bodi inayosimamia mpango. Kifungu hicho kina sababu nzuri: bila hicho, nyumba zingenunuliwa na matajiri kupitia majina ya watu wengine. Hata hivyo, kama kazi yako inaweza kukuhamishia Kisumu mwakani, au unanunua ukiwa na nia ya kuuza bei ikipanda, jua kwamba mlango wa kutokea unashikwa na mtu mwingine. Kwa familia inayotaka kukaa na watoto wasome karibu, kizuizi hicho hakiumi.

Ploti

Wengi bado wanaamini kwamba mtu hajawa na kwao mpaka awe na ardhi, na mimi siwalaumu. Ploti haina ada ya huduma ya kila mwezi, haina shirika la wakazi la kugombana nalo, na unajenga kadiri mfuko unavyoruhusu. Lakini tofauti kati ya ploti na ploti ni kubwa kuliko tofauti kati ya ploti na fleti. Inategemea karatasi.

Karatasi dhaifu kuliko zote ni cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, hasa pande za mashariki ya jiji. Cheti hicho kinaonyesha una sehemu katika kampuni. Kwenye rejista ya ardhi hujulikani. Ploti moja inaweza kuwa na vyeti viwili au vitatu, na kila mwenye cheti amelipa. Sipendekezi mtu yeyote anunue leo kwa cheti cha hisa, kwa bei yoyote ile.

Juu yake kidogo iko barua ya mgao, ile ambayo serikali humwandikia mtu kumgawia ardhi ya umma. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi, ilisema wazi kwamba barua ya mgao haimpi mtu umiliki. Ni pendekezo tu. Mpaka masharti yake yatimizwe na hati isajiliwe, aliye na barua hana ardhi ya kumuuzia mwingine. Hukumu hiyo ingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya madalali.

Kisha hati miliki yenyewe. Zamani tulifundishwa kwamba ukiwa nayo umemaliza. Sheria ya Usajili wa Ardhi inasema hati ni ushahidi wa umiliki, lakini inaweza kubatilishwa ikithibitishwa kuwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Katiba nayo, Ibara ya 40, inakataa kulinda mali iliyopatikana isivyo halali. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ikakaza zaidi: kama mgao wa kwanza kabisa wa ardhi ulikuwa na kasoro, mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati yake hata kama alinunua kwa nia njema. Maana yake kwa mnunuzi wa kawaida ni kwamba sachi ya leo haitoshi. Mwambie wakili atafute historia: ardhi ilikuwa ya nani mwanzoni, iligawanywa lini, kwa ramani gani, na je, iliwahi kuwa ya shule, barabara, uwanja wa ndege au shirika la umma? Waliojenga Syokimau na kubomolewa Novemba 2011, na wale wa ardhi ya kiwanda cha saruji Mavoko Oktoba 2023, wengi wao walikuwa na karatasi mikononi. Walilia mbele ya matingatinga wakiwa wamezishika.

Ukivuka mpaka wa jiji kuelekea Kitengela, Joska, Juja au Ngong, unaweza kukuta ardhi ambayo bado ni ya kilimo kwenye rejista. Hapo lazima kuwe na idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini, mauzo ni batili. Pesa unaweza kuzidai kama deni, ardhi huwezi. Tahadhari pia na uwanja uliogawanywa vipandevipande huku hati ingali moja: muulize muuzaji idhini ya kugawanya iko wapi, na ploti yako ina namba yake kwenye ramani iliyosajiliwa au imechorwa tu kwenye karatasi ya ofisini kwake.

Nenda na serveya wako, mwenye leseni, akakuonyeshe vigingi. Na kama kuna mto au mkondo karibu, hata ule unaokauka Januari, pima umbali. Kanuni zinataka nafasi ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni, na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali ilibomoa nyumba nyingi Mathare na Mukuru kwa kigezo cha mita 30. Ploti ya bei ya chini kando ya mto ina sababu ya kuwa na bei hiyo.

Kukodi ukingoja

Kwa anayejikusanya, kukodi ni sawa, ila ajue kinga yake ni nyembamba. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani sana na ambacho leo kinawaacha nje karibu wapangaji wote wa fleti. Mwenye duka ana hali bora: kama mkataba wake si wa maandishi, au ni wa maandishi usiozidi miaka mitano, mwenye jengo hawezi kumpandishia kodi wala kumtoa bila kufuata notisi ya sheria, na mgogoro unaenda kwa baraza maalumu. Mpangaji wa nyumba anategemea mkataba wake. Kwa hiyo auandike: notisi ya kupandisha kodi, marejesho ya amana, nani anatengeneza nini.

Nani achague nini

Mwenye mkopo wa benki ulioidhinishwa au wa Sacco, na anayehitaji mahali pa kuishi mwaka huu, aende kwa fleti iliyokamilika, na atangulize zenye hati ya sehemu, yaani ya nyumba yenyewe, hata kama ni ndogo kidogo kuliko za lisi. Wanandoa wenye mishahara ya kawaida, wasio na chochote cha kuweka rehani na wasiofikiria kuhama, wajisajili Boma Yangu leo, kila mmoja akijua anaomba nyumba ya kuishi. Mwenye muda, subira na pesa ya wakili na serveya, na asiye na haraka ya kujenga, atafute ploti yenye hati na historia safi. Fleti ya mchoro namwachia yule ambaye, ikipotea, watoto wake hawatatoka shuleni, na ambaye mkataba wake umekubali malipo kwa hatua na haki ya kujitoa. Kampuni ikikataa masharti hayo mawili, asimame hapo.

Na kwa njia yoyote ile, kabla ya kuweka sahihi ulizia ndoa ya muuzaji. Nyumba au ardhi ya familia haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi, imetiwa sahihi mbele ya wakili, na iambatishwe kwenye mkataba siku ileile. Mume akikuambia mama yuko mashambani na hana neno, mwambie utangoja arudi.